Chumba cha chini cha Mji Mkongwe: ukuta ukauke kwanza, taa baadaye

Rangi nyeupe haiondoi giza katika chumba ambacho ukuta wake haujakauka. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila anayeniuliza nimekifanya nini chumba changu cha kushonea kofia huwa keshapita Mlandege, keshanunua ndoo ya rangi ya maji na rola, na anachotaka kwangu ni jina la rangi tu. La rangi nitalifikia, lakini liko mbali bado.

Chumba chenyewe kiko Sokomuhogo, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, katika nyumba ya ghorofa mbili aliyotuachia babu. Ni chumba cha chini kabisa, na kwa kuwa njia ya nje imekuwa ikitiwa kifusi na saruji miaka nenda miaka rudi, siku hizi unateremka vidato viwili ndipo uingie. Urefu wake mita 7, upana mita 3. Upana huo haukuja kwa bahati: dari za nyumba hizi zimelazwa boriti za mikoko, na boriti haziendi mbali zaidi ya hapo, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Dirisha ni moja, lina nondo, linatazama ukuta wa jirani. Babu alikitumia kuwekea karafuu, ami akakipangisha, kisha kikawa pa kutupia magodoro mabovu. Ukutani, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, kulikuwa na mkanda wa rangi ya mafuta ya kijani, ile ya skuli; juu yake krimu iliyokwisha geuka kahawia; na taa moja ya tyubu juu ya mlango. Uvundo wake uliupokea hatua kumi kabla hujafika.

Mie nashona kofia za viua. Kazi ya sindano na vitobo vidogo haitaki kukisia, kwa hiyo nilihitaji mwanga wa kweli, na nilihitaji nguo nyeupe ya kofia isishike kuvu kwa wiki moja. Haya mawili, mwanga na ukavu, ndiyo yaliyoniongoza.

Kikague kikiwa katika giza lake

Zima taa saa sita mchana. Kaa kitako ndani mpaka macho yazoee, kisha tazama mwanga unaingilia wapi na unaishia wapi. Kwangu ulikuwa kwenye kizingiti cha dirisha na hatua mbili tatu mbele yake, basi. Ukuta unaolitazama dirisha, ambao ndio ungeupokea mwanga na kuurudisha ndani, ulikuwa umefunikwa na kabati kubwa la ami la mninga. Kulihamisha kabati hakukutaka senti, ila migongo ya vijana wanne, na kulisaidia kuliko globu yoyote niliyonunua baadaye. Anza na samani zako.

Kisha pitisha mgongo wa mkono ukutani, kuanzia sakafuni kupanda juu. Kuna pahala utahisi ubaridi unakatika; weka alama ya penseli, usogee, uweke nyengine. Ukimaliza chumba kizima utaona mstari. Kwangu ulikwenda usawa wa kiuno karibu kote, ila pembeni mwa mlango ukapanda hadi begani, na hapo ndipo pa kujiuliza kuna nini upande wa pili.

Kipimo chengine ni cha nailoni. Chukua kipande cha sentimita 30 kwa 30, kibandike kwa tepu pande zote nne mahali ambapo lipu iko wazi na haimwagi unga, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya nyuma ya nailoni, upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa mbele, upande wa chumbani, ni jasho la hewa inayogonga ukuta wa baridi. Dawa zake hazifanani: la kwanza linataka utafute chanzo na uufungue ukuta, la pili linataka hewa itembee. Nyumba nyingi za Mjini zina yote mawili.

Maji yanavyopanda

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nene za nusu mita na zaidi. Zinanyonya maji ya ardhini na kuyapandisha, na hilo zamani halikuwa tabu: maji yalipanda kidogo, yakatoka kupitia chokaa, yakaenda na upepo. Tabu ilianza tulipoufunga ukuta. Rangi ya mafuta ndani, lipu ya saruji nje, sakafu ya saruji au vigae chini. Maji yakakosa pa kutokea, yakazidi kupanda mpaka yapate upenyo. Ndiyo ukaona malengelenge na unga wa chumvi umejipanga juu tu ya ule mkanda wa mafuta, na mkanda wenyewe unang'aa. Watu huutazama wakasema mkanda unazuia maji. Hauzuii kitu. Unayaficha na kuyasukuma juu.

Kwa hiyo kabla ya ndoo yoyote ya rangi, fuata maji. Panda juu ukatazame choo cha ghorofani na mabomba yake. Toka nje mvua ikinyesha, na mwavuli wako, uangalie bomba la bati linamwaga wapi. Angalia maji ya kiyoyozi cha jirani yanadondokea wapi. Hili siku hizi limekuwa jambo kubwa Mjini, na linataka maneno mazuri, si ugomvi. Kule kwenye pembe ya mlango wangu tulikuta bomba la mvua limepasuka nyuma ya lipu, linautilia ukuta maji kila masika. Kulibadilisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ningepaka rangi juu yake ningekuwa napaka kila mwaka mpaka leo.

Ikiwa nyumba ni ya wakf au ya Serikali, waone wenyewe kwanza kabla ya kupiga patasi. Na lolote la upande wa nje, hata rangi ya ukuta wa njiani, liulizie Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na kuna taratibu zake. Kwenda kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuambiwa ubomoe.

Kuuvua ukuta

Fundi wangu ni mzee wa Makunduchi aliyeshika mwiko wa chokaa tangu ujana wake. Alipouona mkanda wa kijani alisema, "Mwanangu, huu tuuvue, kisha tuupe likizo." Likizo aliyoikusudia ilikuwa ya msimu mzima, nami nilidhani anatafuta njia ya kuchelewesha kazi. Kumbe ana sababu: tulibandua wakati wa kaskazi, ukuta ukakaa uchi mpaka masika yakapita, na mvua zile zikatuonyesha wenyewe pahala penye tatizo palipobaki. Ukuta uliopakwa usingesema.

Rangi ya mafuta ya zamani huenda ina madini ya risasi ndani yake, na vumbi la risasi linadhuru ubongo wa mtoto. Usiipige msasa mkavu, na usiichome moto ili ilainike. Iloweshe kwa chupa ya kupulizia maji, ikwangue ikiwa mbichi, magamba yaangukie kwenye turubai, uyafunge na kuyatupa mbali na kuku na watoto. Vaa barakoa. Wajawazito na watoto wasiwepo ndani siku hizo, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Lipu ya saruji iliyobandikwa juu ya chokaa, igonge kwa kipini cha patasi. Ikitoa mlio wa tupu, iko tayari kutoka. Ile iliyoshika kabisa usiing'oe kwa hasira, itaondoka na jiwe la babu. Iache, utaishughulikia mwaka mwengine ikijiachia.

Unga mweupe wa chumvi utakaouona baadaye, ufagie mkavu kwa brashi ngumu na uuzoe. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani ya ukuta, na itatoka tena wiki ijayo. Fagia, ngoja, fagia tena. Kwangu baadhi ya kuta zilitoa chumvi kwa miezi, nyengine hazikutoa kitu.

Lipu

Sitakaa sana hapa, maana lipu ya chokaa ni ya fundi, si ya kujaribia. Ila ujue la kumsimamia. Chokaa iliyozimwa kipimo kimoja, mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe wa shamba, uliooshwa. Wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Ukuta urushiwe maji kabla ya lipu. Tabaka moja lisizidi sentimita moja. Penye shimo refu mnajaza kwa tabaka, moja likikaza ndipo jengine. Halafu lipu isikaushwe kwa haraka: magunia yenye maji yatundikwe mbele yake kwa muda wa wiki hivi, kwa sababu chokaa haikazi kwa kukauka tu, inakaza kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana tulipiga lipu mwezi wa Juni, kipupwe kilipoingia, hewa ina ubaridi na jua halikimbizi kazi.

Vijana watakwambia, "Tutie saruji kidogo, ishike." Kataa. Saruji kidogo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Chokaa ya kupaka

Sasa tumefika. Jina la rangi yangu ni chokaa, ile ile ya bibi zetu, na naipenda kuliko rangi ya ndoo kwa sababu tatu: inapitisha unyevu, kuvu haiipendi kwa ukali wake, na weupe wake hauna mng'ao wa kuumiza macho. Mwanga ukiipiga unatawanyika chumba kizima badala ya kurudi usoni kwako.

Nunua chokaa iliyokwisha zimwa, iliyokaa ndani ya maji. Kadiri ilivyokaa muda mrefu ndivyo inavyolainika. Kuzima chokaa mwenyewe nyumbani sikushauri. Chokaa mbichi iliyotoka kwenye tanuu ikikutana na maji inachemka na kurusha, na watu wamepoteza macho. Hata iliyozimwa bado ni kali: vaa glavu na miwani, mikono mirefu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kukoma kwa robo saa kisha nenda hospitali, usingoje kuona itakuwaje.

Punguza kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Watu wengi wanakosea hapa, wanaipaka nzito ili wamalize kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja tu, kisha inapasuka na kuwamwagikia unga. Chuja kwa kanga kuukuu. Rushia ukuta maji kidogo, usilowe, ila usiwe na kiu. Tumia brashi pana ya nywele nene, si rola, na upake kwa kukatiza, huku na huku, ukikoroga ndoo kila mara kwani chokaa inazama chini. Ukimaliza mkono wa kwanza utasikitika: ukuta utaonekana umeoshwa tu, lipu yote inaonekana. Usiongeze. Chokaa ikiwa mbichi ni maji matupu machoni. Weupe unakuja inapokauka. Upe siku nzima, rushia maji, paka tena. Mikono minne haitoshi kwenye lipu mpya, mitano au sita ndiyo inayoleta weupe wenye kina.

Chumvi ya mezani, ambayo wengine huitia kwenye ndoo ili chokaa ishike, mie siitii. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hapa kwetu hewa ina unyevu wa kutosha kugawa. Nilichotia, mkono wa mwisho tu, ni chembe ya buluu ya kufulia iliyoyeyushwa na kuchujwa. Inaua umanjano wa chokaa na macho yanaona weupe uliozidi. Chembe, nasema. Ukitia kijiko utapata chumba cha samawati, ambacho si kibaya, lakini si ulichokikusudia.

Kuna kero moja ya chokaa lazima niiseme: inashika nguo. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi akiegemea ukuta wangu angeondoka na alama ya bega mpaka Darajani. Dawa yake ni ya zamani pia. Nyuma ya mahali pa kukaa nimetundika mikeka ya ukili, imening'inia kwenye papi nyembamba ya mbao ili hewa ipite nyuma yake. Wageni wanaegemea mkeka, ukuta unabaki salama, na chumba kinapata rangi bila ya kupakwa rangi.

Walioko nje ya Mji Mkongwe, mitaa ya Ng'ambo, Kwerekwe au kwenye majumba ya Michenzani, kuta za matofali ya saruji, haya ya chokaa hayawalazimu. Rangi ya maji isiyong'aa, juu ya ukuta mkavu uliopakwa rangi ya msingi, mikono miwili, inatosha. Ila mkanda wa mafuta hata huko uondoeni. Unakata ukuta katikati na chumba kinaonekana kifupi, na rangi ile ya kijani inakula mwanga wote unaoangukia nusu ya chini.

Pa kutia weupe, na pa kuacha

Si kila kitu kiwe cheupe. Boriti za dari nimeziacha na rangi yake, nikapaka chokaa mawe yaliyo kati yake. Nilifanya hivyo kwa macho na kwa usalama: boriti iliyo wazi unaiona ikianza kuliwa na mchwa au kuoza kichwa inapoingia ukutani. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki kusikia habari ya dari ya jibsamu katika chumba cha chini. Inavuta unyevu, inavimba, inaficha ubovu wa boriti, na inakupunguzia kimo ambacho huna.

Ubavu wa dirisha ndio pa kupaleta mikono ya ziada. Ukuta ni mnene, kwa hiyo dirisha lina kuta zake ndogo mbili na kizingiti kipana. Hizo ndizo zinazopokea mwanga kabla ya chumba. Nilizipaka chokaa tupu mpaka zikawa nyeupe kuliko kitu chochote ndani. Kisha nikatoka nje. Dirisha langu halioni mbingu, linaona ukuta wa jirani, na ukuta ule ulikuwa na rangi ya moshi. Nilikwenda kwa jirani na sahani ya vitumbua, nikamwomba kipande cha ukuta wake kinachonitazama nikipake chokaa kwa gharama yangu, nyeupe ile ile iliyokuwapo zamani, baada ya kuwaarifu wa Mamlaka. Alicheka akakubali. Mwanga wa jua unaopita juu ya njia sasa unagonga pale na kuniingilia dirishani. Kwa mwenye dirisha la uchochoroni hakuna fedha itakayofanya kazi kuliko hiyo.

Sakafu yangu ilikuwa saruji nyeusi. Niliipandisha? Hapana, kuongeza saruji ni kuyasukuma maji ukutani. Nimeifagia, nikatandika majamvi ya rangi ya ukili mtupu, ninayoyatoa juani kila wiki. Mlango wa nakshi usiuguse kwa rangi, utie mafuta tu. Na kioo kikubwa, ikiwa unacho cha bibi, kitundike mkabala wa dirisha, si karibu nalo.

Taa

Kosa la taa za nyumba zetu ni kutia moja, katikati au juu ya mlango, halafu tukiona haitoshi tunanunua kali zaidi. Chumba kinapata doa moja la kuumiza macho na pembe nne za giza. Kuta zikiwa na mwanga, chumba kinaonekana kipana. Taa ikikumulika wewe, kuta zinarudi nyuma gizani.

Hesabu yake si ngumu. Mwanga wa globu unapimwa kwa lumeni, na idadi huandikwa kwenye boksi. Kwa chumba cha kukaa, chukua lumeni 150 kwa kila mita ya mraba. Changu ni mita 3 kwa 7, yaani 21, kwa hiyo 3,150. Globu ya LED ya wati 9 inatoa lumeni 800 hivi, basi nne zinatosha. Nikazigawa: mbili kwenye kuta ndefu, urefu wa kichwa cha mtu mrefu, zina vifuniko vinavyopeleka mwanga juu ukagonge chokaa kati ya boriti, mbili ndani ya vidaka vya ukutani, ambavyo babu aliwekea makaratasi yake. Kidaka kilichopakwa chokaa, kikitiwa globu nyuma ya kisahani au kibao, kinakuwa taa chenyewe na hukioni chanzo.

Rangi ya mwanga nayo imeandikwa, kwa kelvini. 2,700 hadi 3,000 ni manjano ya jioni, ndiyo ya kupumzikia. 4,000 ni nyeupe tulivu, ya kazi. 6,500 ni ile buluu ya madukani. Kwenye chokaa inafanya watu waonekane wagonjwa, na mie siitaki ndani. Usichanganye rangi mbili kwenye ukuta mmoja.

Juu ya meza ya kofia kuna taa ya peke yake, kwani lumeni 150 hazimtoshi mwenye sindano. Kazi ya vitobo inataka 750 au zaidi kwa mita ya mraba, pale pale inapofanywa. Globu ya wati 9 ndani ya kava nyeupe, nusu mita juu ya kazi, inafika huko. Ukiipandisha hadi mita moja mwanga unabaki robo, si nusu, kwa hiyo iteremshe. Iwe mkono wa kushoto ikiwa unashonea kulia, kivuli cha mkono kisiangukie sindano. Na kwenye boksi tafuta alama ya Ra, iwe 90 au zaidi: hiyo ndiyo inayokwambia rangi zitaonekana kweli. Chini ya globu za bei ya kutupa, uzi wa buluu iliyokoza na mweusi havitofautiani mpaka mteja aitoe kofia juani.

Kwa wanaoogopa Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla: taa nne za wati 9 kwa saa tano kila usiku ni uniti 5.4 kwa mwezi. Globu za zamani za wati 60, nne kwa muda huo huo, zilikuwa uniti 36.

Nyaya ndizo za kutopunguziana. Katika chumba chenye ukuta wa unyevu usichimbe lipu kufukia waya. Upite juu ya ukuta ndani ya bomba la plastiki, ambapo unauona na kuubadilisha. Waya wa taa milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5. Soketi zipande juu ya ule mstari wa penseli, hata kama zitakaa usawa wa kiuno na kuonekana vibaya. Muhimu kuliko vyote ni kikata umeme kinachozima umeme ukivuja miliampea 30, pamoja na waya wa ardhi unaofanya kazi. Afanye fundi mwenye leseni. Nyaya za mpira zilizopigiwa misumari kwenye boriti tangu enzi ya babu, zikatwe zote, zisiachwe "za akiba".

Na weka taa moja ya kuchaji karibu na mlango. Tuliokuwepo Unguja kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme, hatuhitaji kuelezwa.

Hewa, kisha matunzo

Kabati na meza zikae sentimita kumi mbali na ukuta. Dirisha lifunguliwe asubuhi na mapema au usiku wakati wa kaskazi. Katika masika, mchana wenye mvuke, lifunge, kwani hewa ya joto iliyojaa maji inaingia na kutoa jasho kwenye ukuta wako wa baridi. Feni ndogo sakafuni, ikizunguka polepole kuelekea mlangoni, inafanya kazi usiku na mchana kwa umeme wa kidogo sana. Udi unaondoa harufu, hauondoi kuvu. Ukiona unafukiza kila siku, rudi kwenye mgongo wa mkono na penseli.

Chokaa inataka mkono mmoja kila mwaka, na wengi Mjini tunaupaka kabla ya Ramadhani. Hukwangui kitu. Fagia vumbi, rushia maji, paka mara moja juu ya ile ya zamani. Iliyobaki usiitupe: iache ndani ya ndoo ya plastiki, mimina maji vidole vinne juu yake ili hewa isiiguse, funika, andika "chokaa" kwa herufi kubwa, na uiweke pahala ambapo mtoto hafiki.